Stika ya Bei Nafuu na Mtu Asiyehudhuria Mapatano

Watu wa Trans Nzoia na Bungoma si wepesi wa kudanganyika sokoni. Mkulima wa Kiminini au wa Endebess, aingiapo dukani mwezi wa Machi kabla mvua hazijashika, huigeuza pakiti ya mbegu upande huu na upande huu, akaukagua mshono wake, akaikwangua stika ya KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea na mbegu, ili apate nambari ya kuhakikisha kwa simu kwamba alichokishika ni mbegu halali. Na muuzaji akimwambia kwamba ipo nyingine rahisi zaidi, humtazama kwa jicho la shaka, maana yeye, na babaye kabla yake, wameishi na mbegu za Kenya Seed tangu kampuni hiyo ilipoasisiwa hapo Kitale mwaka 1956, na hasara ya shamba lisiloota wanaijua. Lakini mtu huyo huyo, akiisha kuuza mahindi yake na kujaaliwa gari, huenda kwa wakala wa bima akasema maneno ambayo kwa muuza mbegu asingethubutu kuyatamka: "Kijana, nipe ile ya bei ya chini kabisa, ya kuonyesha polisi tu." Kijana hujibu, "Sawa, mzee," akaingiza nambari ya gari katika simu yake, na biashara imekwisha.

Sitaki nidhaniwe kuwa nawalaumu wanaotafuta unafuu. Kuwazungukia mawakala, kuuliza bei, kulinganisha na kudai takhfifu ni haki ya kila mnunuzi, na katika nchi ambayo mafuta, vipuri na kodi vinashindana kumfilisi mwenye gari, ni wajibu wake kwa nyumba yake. Ninalolizungumzia ni jambo jingine, nalo ni kwamba bima ya lazima, ile iitwayo ya mtu wa tatu, ina tabia isiyopatikana katika bidhaa nyingi za sokoni: anayeinunua siye atakayeifaidi, na atakayeifaidi hayupo inaponunuliwa. Mwenye gari ndiye alipaye. Lakini atakayeihitaji ile fedha ni mwanafunzi avukaye barabara pale Kamukuywa, au mama aliyepakiwa nyuma ya bodaboda kutoka Kanduyi, au mwenye mkokoteni aliyesukumwa mtaroni karibu na Webuye, watu ambao hawaijui kampuni iliyochaguliwa, wala hawakuulizwa, wala hawatalijua jina lake mpaka siku watakapokuwa wamelazwa hospitalini na jamaa zao wakihangaika kutafuta abstrakti ya polisi. Mbegu huchunguzwa kwa sababu shamba ni la mnunuzi mwenyewe. Stika ya bima huchukuliwa ovyo kwa sababu mguu utakaovunjika, katika hesabu za mnunuzi, si wake.

Waliotunga sheria waliliona hilo zamani. Uingereza iliifanya bima hiyo kuwa faradhi mwaka 1930, wakati magari yalipokuwa yakiua watu mabarabarani na wenye magari, wakiisha kuhukumiwa kulipa, wakaonekana hawana kitu. Na Kenya ikafuata kwa sheria ya mwaka 1945, inayojulikana mpaka leo kwa jina la Sura ya 405, siku ambazo Kitale ulikuwa bado mji wa walowezi na mahindi yake yalikwenda kwa reli iliyoufikia mwaka 1926. Muradi wa sheria hiyo haukuwa kumlinda mwenye gari, seuze kumpatia askari wa barabarani kitu cha kukagua. Muradi wake ulikuwa kumlinda aliyegongwa, asije akashinda kesi na kurudi kwake mikono mitupu. Kwa hiyo ikaamriwa kwamba mahakama ikiisha kutoa hukumu, kampuni ya bima ndiyo ilipayo, isipokuwa kwa udhuru mchache uliotajwa, na kwa kiasi ambacho siku hizi hakizidi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Katika fikihi ya Kiislamu diya ya mtu aliyeuawa pasi na kukusudiwa huchangwa na ukoo wa aliyeua, kwa kuwa ilifahamika kwamba mtu mmoja hawezi kuibeba. Sheria ya 1945 haikuwa mbali na fikira hiyo, ila mahali pa ukoo iliweka kampuni, na kampuni, tofauti na ukoo, huweza kufa.

Na zimekufa nyingi. Kenya National Assurance, iliyokuwa mali ya serikali na iliyoanzishwa mwaka 1964, ilianguka mwaka 1996. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, Concord mwaka 2013, Resolution mwaka 2022. Na Invesco, ambayo stika zake zilikuwa zikionekana kwenye vioo vya matatu nchi nzima, ilifikia kufilisiwa mwaka 2024, wenye magari wakaambiwa wakatafute bima kwingine. Ukizitazama utaona kwamba tatu kati ya hizo, yaani United, Blue Shield na Invesco, zilikuwa mashuhuri zaidi kwa biashara ya matatu. Sababu za kuanguka hazikuwa moja: palikuwa na madai ya kubuni, ambamo gari lililobeba watu kumi na wanne lilizaa majeruhi thelathini, palikuwa na mawakili wala rushwa, na madaktari wa kuandika majeraha yasiyokuwapo, palikuwa na uendeshaji mbovu. Lakini kwa maoni yangu chini ya hayo yote palikuwa na bei. Kampuni iliyotaka kuwapata wenye matatu ilijua kwamba hawatauliza jambo jingine lolote ila kiasi cha fedha, na kwa hiyo ikashusha, na mwenziwe akashusha chini yake, mpaka ikawa madai ya mwaka jana yanalipwa kwa ada za mwezi huu, na siku ada zilipopungua ikadhihiri kwamba hazina ilikuwa tupu.

Hapo ndipo mwenye gari hugundua kwamba ule mguu ulikuwa wake pia. Kwa maana hukumu ya mahakama haifi pamoja na kampuni. Jina lililoandikwa katika hukumu ni la mwenye gari, na mdai aliyekosa kulipwa na kampuni ana haki ya kumrudia yeye, na dalali wa mnada akija na amri haulizi kama stika ilikuwa halali siku ya ajali. Gari huchukuliwa, na likiwa halitoshi hutazamwa mali nyingine. Kweli, upo Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, ambao kila mmoja wetu huuchangia robo ya asilimia moja ya ada yake bila ya kujua, uliowekwa kwa ajili ya kuwafaa wadai wa kampuni zilizofilisika. Lakini kikomo chake cha shilingi 250,000 kwa mdai, ukikiweka kando ya ile milioni 3, ni kama kumpa mtu kipande cha kanga amfunike maiti. Tuseme mjane wa Kimilili amehukumiwa kupewa shilingi 1,800,000 kwa kifo cha mumewe, na kampuni imefilisika: kutoka kwenye mfuko hatapata hata sehemu moja katika saba ya haki yake, na iliyobaki itambidi aifuate kwa mwenye gari, ambaye huenda naye ni maskini mwenye Probox moja.

Na madhali nimeitaja Probox, niseme neno juu ya unafuu wa aina nyingine ambao naona ni mbaya zaidi kuliko kuchagua kampuni dhaifu, nao ni kununua bima isiyo ya kazi yako. Yako magari madogo chungu nzima katika njia zetu, na pikipiki pia, ambayo hubeba abiria kwa nauli kutwa kucha, ilhali bima yake imeandikwa ya gari la binafsi, kwa kuwa ya binafsi ni karibu na shilingi 7,500 kwa mwaka mzima na ya abiria hupanda mara kadhaa. Mwenye gari hujiona mjanja. Kampuni nayo haisemi kitu, kwa sababu inapokea ada. Lakini siku ya ajali mkaguzi wake atawauliza abiria swali moja tu, kwamba kila mmoja alilipa kiasi gani kutoka Kitale, na jibu hilo litaipa kampuni mlango wa kutokea. Bodaboda, ambazo ziliongezeka mno baada ya serikali kuondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008, zimekuwa shauri gumu kuliko yote, kwa sababu mwenye kuiendesha aghalabu si mwenye kuimiliki, na kila mmoja hudhani stika ni juu ya mwenziwe.

Bima kamili, ile ambayo mjini huitwa komprehensivu, ina mambo yake, na hapa mnunuzi hana budi kukaa kitako na kalamu, kwa sababu hapa ndipo bei ya chini huweza kuficha hasara ya mnunuzi mwenyewe. Tuchukue gari lenye thamani ya shilingi 900,000, jambo la kawaida kwa mwalimu au mfanyabiashara wa Bungoma. Wakala wa kwanza amtajia asilimia 4, yaani shilingi 36,000, na juu yake tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, tozo ya ule mfuko ya asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40, jumla 36,202. Wakala wa pili amtajia asilimia 3 na nusu, yaani 31,500 kabla ya tozo. Mnunuzi huona ameokoa shilingi 4,500 na huenda kwa wa pili, asiulize ni sehemu gani ya kila hasara atakayoibeba yeye mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Sasa ikiwa mkataba wa kwanza unamtaka abebe asilimia 2 na nusu ya thamani ya gari, hizo ni shilingi 22,500. Na ikiwa wa pili unamtaka abebe asilimia 5, hizo ni 45,000. Na kwa hiyo ajali moja ya kugongana pale mzunguko wa Kanduyi humnyang'anya mara tano ya alichookoa. Neno hilo limo ndani ya mkataba, limeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, katika ukurasa ambao wakala hakuufungua.

Ziko hila nyingine, na hizi hufanywa na mnunuzi. Aliyekwisha kuona kwamba ada hufuata thamani, huitaja thamani ya gari kuwa ndogo kuliko ilivyo, akasema 600,000 badala ya 900,000, na hivyo kuokoa shilingi 12,000 kwa kiwango cha asilimia 4. Lakini mikataba mingi ina sharti la kwamba aliyekata bima ya theluthi mbili ya mali yake atalipwa theluthi mbili ya hasara yake. Na kwa hiyo matengenezo ya shilingi 300,000 atalipiwa 200,000, na katika hizo kitatolewa tena kile anachopaswa kukibeba mwenyewe. Mthamini wa magari ambaye kampuni humtuma kabla ya kuandika mkataba si adui, ijapokuwa wengi humkwepa kama mtoza ushuru. Ripoti yake ni shahidi wa mwenye gari, na inafaa kuiomba nakala na kuihifadhi pamoja na logbuku. Kwa gari kuukuu nina shauri tofauti: kampuni nyingi hazipendi kuliandikia bima kamili gari lililopita miaka kumi na miwili au kumi na mitano, na palipo na moja inayokubali kwa furaha na kwa bei ya chini, inafaa kujiuliza kwa nini inafurahi.

Kuna maswali ambayo mtu wa Nairobi hana haja ya kuyauliza na mtu wa Kitale anayo. Gari likiharibika Kapenguria usiku, nani atalivuta, na kwa gharama ya nani? Mkaguzi wa hasara atatoka wapi, Eldoret au Nairobi, na baada ya siku ngapi? Fundi wa bodi aliyeko mjini mwetu anakubalika na kampuni, au italazimu gari lipelekwe mbali na mwenyewe akae majuma akipanda matatu? Kampuni yenye ofisi inayofanya kazi ya kweli hapa, ambamo mtu huweza kuingia na kumkuta mwenye kujibu, ina thamani ya shilingi elfu mbili tatu za ziada katika ada, nami nasema hivyo bila kusita. Kadhalika mfanyabiashara wa Bungoma avukaye Malaba au Lwakhakha kwenda Mbale, na yule wa Kitale apitaye Suam, wasidhani stika yao ya Kenya huwafuata ng'ambo. Kwa safari hizo kuna Kadi ya Njano ya COMESA, iliyotokana na mapatano ya mwaka 1986 na kusimamiwa hapa Kenya na shirika la Kenya Re, nayo huombwa kwa kampuni ile ile kabla ya safari. Na fedha ilipwe kwenye nambari ya kampuni yenyewe, si kwenye simu ya wakala hata awe ni mtoto wa shangazi, kwa kuwa sheria hairuhusu kampuni kubeba dhima kabla ada haijapokewa, na ada iliyolala mfukoni mwa wakala si ada.

Wenzetu wa Uingereza, ambako kulinganisha bei za bima kumekuwa karibu na mchezo wa taifa, wamejifunza jambo ambalo na sisi lingetufaa. Kwa miaka mingi kampuni za huko ziliwavuta wateja wapya kwa bei ya chini na kuwapandishia wale wa zamani kidogo kidogo kila mwaka, hata ikawa uaminifu wa mteja ndio uliomgharimu, na wazee wasiopenda kuhamahama ndio walioumia zaidi. Mwenye kudhibiti mambo ya fedha huko alipiga marufuku desturi hiyo kuanzia Januari 1, 2022: mteja anayehuisha bima ya gari au ya nyumba asitozwe zaidi ya ambavyo angetozwa kama angekuwa mgeni. Lakini Mwingereza huweza kulinganisha bei peke yake kwa sababu hana hofu kubwa kwamba kampuni haitakuwapo mwakani. Sisi hatujafika huko.

Serikali yetu nayo, kwa upande wake, iliwahi kuonyesha jinsi inavyoiona bima: kama mlango wa kukusanyia kodi. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza kodi ya asilimia 2 na nusu ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000, ikusanywe na kampuni za bima wakati wa kutoa stika. Kwa lile gari la mwalimu wetu hizo zingekuwa shilingi 22,500 juu ya ada. Pendekezo liliondolewa Juni 18 mwaka huo, siku chache kabla ya mswada wote kuzama katika maandamano ya vijana. Lakini sijasahau kwamba waliolibuni walikuwa tayari kuifanya ghali bima ya lazima katika nchi ambayo tayari ina magari mengi yatembeayo bila bima, na kwamba katika mjadala wote ule mtu aliyelazwa hospitalini kwa kugongwa na gari lisilo na bima alitajwa kwa nadra sana.

Linalowezekana kufanywa si kubwa. Mamlaka ya Kudhibiti Bima hutoa kila robo ya mwaka ripoti inayoonyesha, kampuni kwa kampuni, madai yaliyopokewa na yaliyolipwa. Ripoti hiyo huwekwa katika tovuti, kwa Kiingereza, katika majedwali ambayo mtu wa Chwele hayaoni kamwe. Naishauri Mamlaka iiamuru kila kampuni kubandika takwimu zake, kwa Kiswahili, katika kila meza ya wakala, na kuzipeleka pamoja na cheti cha kidijitali ambacho sasa humfikia mnunuzi kwa simu, ili bei na ulipaji visomwe pamoja. Bunge nalo liipandishe ile 250,000, hata kama tozo itabidi iongezeke kidogo. Afadhali kulipa shilingi chache zaidi kwa mfuko unaotosha kuliko kulipa chache kwa mfuko usiotosha. Mawakala watapinga, na hoja yao moja ina ukweli: madai ya majeruhi hungoja mahakama miaka, na kampuni yenye kesi nyingi zisizoamuliwa itaonekana mbaya kuliko ilivyo, ilhali ile inayolipia matengenezo ya magari tu itaonekana njema. Lakini Mamlaka yenyewe huyatenga madai ya watu waliodhurika na madai mengine katika hesabu zake. Basi na meza ya wakala ionyeshe nambari mbili badala ya moja, na ile ya waliodhurika itangulie.